Maji Yalipokauka: Amani Baada ya Vita katika Mchezo wa Kinjeketile

Kila mwalimu aliyepata kuufundisha mchezo wa Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, uliochapishwa mwaka 1969, anayajua maswali ambayo aghalabu huulizwa juu yake. Je, maji yalikuwa na nguvu au hayakuwa nayo? Je, Kinjeketile alikuwa shujaa au mdanganyifu? Je, umoja wa makabila uliletwa na imani, au uliletwa na dhuluma ya Wadachi? Haya ni maswali mema, na kurasa nyingi zimekwisha kuandikwa kuyajibu. Hata hivyo yote yana upungufu mmoja: yanautazama mchezo huu kama kwamba ni mchezo wa vita peke yake. Yanamwacha msomaji pale risasi zinaponyamaza, ilhali mwandishi mwenyewe hakuishia hapo.

Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba Kinjeketile, hasa katika onyesho lake la mwisho, ni mchezo juu ya amani. Yaani juu ya neno lipasalo kusemwa vita vinapokwisha, nani alisemalo, na nani aambiwaye. Kadhalika tutajaribu kuonyesha mahali ambapo mchezo huu, pamoja na ubora wake wote, unalipita kando jambo ambalo bila ya hilo amani ya kudumu haijengeki. Twasema haya kwa heshima kubwa kwa mwandishi, maana kazi dhaifu haina haja ya kulaumiwa. Kazi kubwa ndiyo inayostahili kudaiwa zaidi.

Kifo kilichoahirishwa

Tuanze na historia. Vita vya Maji Maji vilizuka mwezi Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, kusini-mashariki mwa nchi ambayo leo ni Tanzania, watu walipoing'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1904, watu walikuwa wakimiminika Ngarambe kwa mganga Kinjeketile Ngwale, ambaye aliwagawia maji na kuwaambia kwamba risasi za Wadachi zisingewadhuru. Wadachi walimkamata, na tarehe 4 Agosti 1905 wakamnyonga huko Mohoro. Wakati huo vita vilikuwa havijatimiza hata mwezi mmoja. Kinjeketile wa historia hakuiona Mahenge, ambako mwishoni mwa Agosti wapiganaji waliikimbilia boma na kuangushwa na bunduki za rashasha. Hakuiona Songea, ambako viongozi wa Wangoni walinyongwa mwaka 1906. Wala hakuiona njaa iliyokuja baadaye.

Katika mchezo mambo ni mengine. Kinjeketile wa Hussein anaishi mpaka vita vinashindwa. Tunamkuta gerezani, yeye pamoja na Kitunda aliyekuwa kiongozi wa wapiganaji, na watu wao wamekwisha kufa kwa wingi. Mwandishi alikwisha kututahadharisha katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa mchezo ni mtu wa kubuni, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Wahakiki wengi wameipokea tahadhari hiyo na kuipita. Lakini yafaa tuulize: kwa nini mwandishi aliahirisha kifo hiki? Angeweza kabisa kumnyonga Kinjeketile mapema, kama ilivyotokea, na kuwaachia wengine mchezo. Tena mchezo kama huo ungekuwa rahisi zaidi kuutunga, kwani nabii anayekufa kabla ya unabii wake kujaribiwa hubaki mtakatifu.

Jawabu letu ni hili: mtu aliyenyongwa kabla ya kushindwa haulizwi neno juu ya kushindwa. Hussein alimhitaji Kinjeketile awe hai baada ya maafa ili aulizwe. Alimtaka asimame mbele ya maiti za watu walioliamini neno lake, kisha atakiwe kusema. Kwa hiyo badiliko hili la tarehe si uhuru mdogo wa msanii. Ndilo linaloubeba mchezo mzima. Linauhamisha mchezo kutoka swali la vita, yaani tupigane vipi, mpaka swali la baada ya vita, yaani tutaishi na jambo hili vipi.

Amani mbili gerezani

Katika gereza hilo Wadachi wanatoa sharti. Kinjeketile atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda anamsihi akubali. Kinjeketile anakataa, anateswa, na bado anakataa. Hoja yake ni kwamba akilitamka neno hilo, Wadachi hawataishia kusema kwamba maji yalikuwa uongo. Watasema kwamba hata sababu ya kupigana ilikuwa uongo, na hayo ndiyo watakayofundishwa watoto na wajukuu. Neno limekwisha kuzaliwa, nalo litaendelea kuishi baada yake.

Darasani tumezoea kumpa Kinjeketile alama zote na kumwita Kitunda mtu aliyevunjika moyo. Mhakiki mwadilifu hana budi kusita hapa. Kitunda si mwoga. Ndiye aliyewafundisha watu vita, ndiye aliyetaka utaratibu pale wengine walipotaka kukimbilia mapambano, na ndiye aliyewaona wakianguka. Mdomoni mwake kuna hoja nzito: watu wamekufa kwa kuamini jambo ambalo si kweli, na waliobaki wana haki ya kuambiwa. Amani anayoitaka Kitunda ni amani ya kutua mzigo. Amani anayoitaka Kinjeketile ni amani ya kutoukana utu. Wa kwanza anawatazama waliokufa na walio hai. Wa pili anawatazama wasiozaliwa bado. Ubora wa onyesho hili ni kwamba mwandishi hakumfanya yeyote kati yao kuwa mpumbavu.

Historia yenyewe ilimpa Kinjeketile haki kwa upande mmoja. Tazama jinsi amani ya mshindi ilivyoletwa. Kapteni Wangenheim aliandika kwamba njaa peke yake ndiyo ingewafanya watu wasalimu amri, na serikali ya Gavana von Götzen ikaifuata njia hiyo: vijiji vikachomwa, maghala yakaporwa, mashamba yakaharibiwa. Hesabu ya Wadachi wenyewe ilitaja watu 75,000 waliokufa; mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyewahoji wazee wa huko, alikisia kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa kuliko risasi. Mashamba yaliyoachwa yaligeuka vichaka, na wanyama wa mwitu wakayarithi. Kisha akaja Gavana von Rechenberg mwaka 1906, akaiondoa ile pamba ya kulazimishwa na kulegeza baadhi ya mambo. Marekebisho hayo yalikuwa na maana, lakini yalikuwa marekebisho ya mshindi, yaliyopigwa kwa hesabu za mshindi. Nchi ilitulia. Ilitulia kama nyumba ya matanga inavyotulia usiku, watu wakiwa wamechoka kulia.

Katika utulivu wa namna hiyo, maelezo ya vita yalibaki mikononi mwa aliyeshinda. Ilisemwa kwamba watu walighilibiwa na waganga, kwamba walikuwa washirikina, kwamba hawakuwa na sababu. Hilo ndilo hasa aliloliogopa Kinjeketile wa Hussein. Ilipofika Desemba 1956, Julius Nyerere alisimama mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa mjini New York akaeleza kwamba watu wale hawakuinuka kwa sababu ya kiapo cha kishirikina, bali kwa wito uliotoka nafsini mwao, na kwa kuwa hawakuamini kwamba mgeni ana haki ya kuwatawala. Nusu karne ilikuwa imepita tangu vita. Kisha mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuandika masimulizi ya wazee, na wakati huohuo mchezo wa Hussein ukatoka. Kwa hiyo neno lililokataa kufa gerezani lilipata masikio. Lau Kinjeketile angelikana, yamkini wazee wale wangekuwa na aibu tu ya kusimulia.

Njaa iliyosahauliwa

Hata hivyo kuna jambo ambalo mchezo unaliacha, nalo twalipata kwa kuulinganisha mwanzo wake na mwisho wake. Mchezo unafunguliwa na wanawake wawili, Bi Kitunda na Bi Bobali. Wanazungumza juu ya upungufu wa chakula nyumbani, juu ya wanaume waliochukuliwa kufanya kazi katika shamba la Bwana Kinoo, na juu ya Kinjeketile aliyejifungia ndani kwa siku nyingi. Ni mwanzo mzuri kabisa. Kwa mazungumzo ya jikoni tunaielewa dhuluma ya Wadachi vizuri kuliko kwa hotuba yoyote, kwa sababu chungu kitupu kinaeleweka na kila mtu.

Lakini mchezo unapofungwa, wanawake hawa hawapo. Waliobaki ni wanaume wawili na askari, nao wanashindana juu ya neno. Je, Bi Kitunda yuko wapi? Anakula nini? Nani amemwambia kwamba mumewe yu gerezani? Mwandishi aliyeanza na njaa amemaliza bila ya njaa, ilhali katika historia njaa ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi mwishoni kuliko mwanzoni. Vita vilipokwisha, kazi ya kuirudisha jamii ilikuwa kazi ya kutafuta mbegu, ya kuchimba mizizi porini, ya kuwalea yatima, na ya kulima kwa jembe la mkono mashamba yaliyokwisha kuwa msitu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo iliwaangukia wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wamekufa, wamefungwa au wametoroka.

Huenda mtu akatujibu kwamba tunamdai mwandishi mchezo mwingine asiouandika. Jawabu hilo lina haki yake. Lakini sisi hatukuwaleta wanawake hawa jukwaani. Aliyewaleta ni yeye. Aliyetufundisha tupime siasa kwa kipimo cha chungu ni yeye. Msanii akitupa kipimo mwanzoni, ni halali tumpimie nacho mwishoni. Na kwa kipimo hicho onyesho la mwisho lapungukiwa: linatuambia neno litaishi, lakini halituonyeshi ni nani atakayebaki hai ili kulibeba. Neno halijibebi lenyewe. Linabebwa na mama anayemsimulia mtoto baada ya kumlisha, na mtoto asiyelishwa hasikilizi hadithi.

Deni la ukweli

Upungufu wa pili ni mgumu zaidi, na sikuuona mimi mwenyewe. Nilionyeshwa na mwanafunzi. Nilikuwa nikiusoma mchezo huu na darasa katika shule moja ya sekondari kaskazini mwa Uganda, miaka michache baada ya kambi za wakimbizi wa ndani kufungwa. Tulipomaliza onyesho la gerezani, wavulana wakabishana, kama ilivyo kawaida, kama Kinjeketile alifanya vyema kukataa. Msichana mmoja, ambaye hakuwa na desturi ya kusema sana, akainua mkono akauliza: “Mwalimu, wale waliokufa, nani aliwaambia mama zao kwamba maji hayakuwa na nguvu?”

Sikuwa na jawabu. Nilitazama kitabu, nacho hakikuwa na jawabu.

Yapasa msomaji wa nchi nyingine aelewe kwa nini swali hilo lilitoka mahali pale. Maji ya Kinjeketile si habari ya zamani tu kwetu sisi majirani. Nchini Kongo, wapiganaji wa mwaka 1964 walikuwa na dawa yao ya kukinga risasi, wakilitaja jina la Mulele pamoja na neno maji kwa matamshi ya kwao, mai. Tangu miaka ya 1990, vikundi vingi vya wapiganaji mashariki mwa nchi hiyo vimeitwa Mai-Mai kwa neno hilohilo. Nako kwetu Uganda, mwaka 1986 na 1987, Alice Auma aliyejulikana kwa jina la Lakwena aliwaongoza maelfu ya watu kutoka Acholi kuelekea Kampala. Wapiganaji wake walipakwa mafuta ya kukinga risasi. Walivunjwa karibu na Jinja mwishoni mwa mwaka 1987. Yeye akakimbilia Kenya, na akafa mwezi Januari 2007 katika kambi ya wakimbizi. Baada yake vikaja vita vya Joseph Kony, vilivyowatesa watu wa kaskazini kwa miaka ipatayo 20. Kufikia mwaka 2005 watu karibu milioni 1.8 walikuwa wakiishi kambini, na maelfu ya watoto walikuwa wametekwa na kufanywa askari.

Kwa hiyo yule msichana hakuuliza swali la mtihani. Aliuliza jambo la nyumbani: watu walioamini na kufa, jamaa zao waambiwe nini? Na hapo ndipo tunapokuta kwamba Hussein amelitatua swali moja na kuliacha la pili. Swali la kwanza ni kama ukweli juu ya maji uambiwe Wadachi. Jawabu la mchezo ni la, nasi twalikubali. Swali la pili ni kama ukweli huo uambiwe watu wenyewe. Mchezo unajua kwamba Kinjeketile alikuwa na shaka. Tunamwona akishtuka anapogundua kwamba Hongo, pepo aliyesema kwa kinywa chake, aliwaahidi watu kuwa watoto wa Seyyid Said, yaani kutoka mkononi mwa mtawala mmoja na kuingia mkononi mwa mwingine. Tunamwona akimdokezea Kitunda mashaka yake. Tunamwona akiwataka wapiganaji wangoje, nao hawangoji. Lakini shaka hiyo haitoki hadharani. Inabaki kati ya wanaume wawili, na gerezani inafungiwa nao.

Hapa ndipo wahakiki wanapokosea wanapodhani kwamba zilikuwako njia mbili tu, kukana au kunyamaza. Kitunda na Kinjeketile wote wawili wamefungwa ndani ya kosa hilohilo: wanadhani kwamba msikilizaji ni mmoja tu, naye ni Mdachi. Kitunda ana haki anaposema kwamba watu wanastahili ukweli, ila anataka uambiwe mtu asiyestahili kuupokea. Kinjeketile ana haki anapomnyima mtu huyo, ila katika kumnyima anawanyima pia wenye haki yao. Ukweli uleule hubadilika kwa kadiri ya mtu anayeambiwa. Ukiambiwa mshindi anayekushikia kiboko, ni hati ya kujisalimisha. Ukiambiwa wajane na yatima wa watu wako, ni mwanzo wa amani. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Neno la Kinjeketile lilizaliwa, ni kweli, lakini lilizaliwa pamoja na pacha wake aliyefichwa.

Tena tukumbuke kwamba kilichofichwa hakioti mizizi peke yake, huota miiba. Kama ingalisimuliwa wazi, vizazi hata vizazi, kwamba umoja ulikuwa wa kweli na maji hayakuwa ya kweli, yamkini neno hilo lingaliwaonya wengine. Hatudai kwamba mchezo mmoja wa kuigiza ungeliweza kuzuia vita vya nchi jirani. Twasema tu kwamba jamii inayousifu ushujaa wake bila ya kulikiri kosa lake huwaachia watoto wake nusu ya urithi, na nusu iliyopungua ndiyo ya hekima.

Kinywaji kichungu

Watu wa Acholi wana desturi iitwayo mato oput. Mtu akiua mtu wa ukoo mwingine, koo mbili hizo haziwezi kula pamoja wala kuoana mpaka jambo limalizwe. Wazee hukaa kati, mazungumzo huchukua muda mrefu, aliyeua hukiri, na ukoo wake hulipa fidia. Mwishowe pande mbili huinama na kunywa kutoka kibuyu kimoja pombe iliyotiwa mzizi mchungu wa mti uitwao oput. Uchungu huo ni uchungu wa kilichotendeka, na wote huuonja.

Hatuitaji desturi hii kama dawa ya kila ugonjwa. Ilikusudiwa mauaji ambayo muuaji anajulikana na ukoo wake unajulikana. Vita vya miaka 20, ambavyo aliyeua mara nyingi alikuwa mtoto aliyetekwa, viliipa mzigo kuliko uwezo wake. Sheria ya msamaha ya mwaka 2000 iliwarudisha watu zaidi ya 20,000 kutoka katika vikundi mbalimbali vya wapiganaji, na hilo lilikuwa jambo jema lililookoa maisha. Lakini sheria ile haikumdai anayesamehewa aeleze hadharani alilolitenda. Wako waliorudi katika vijiji ambavyo vilinyamaza wanapopita. Walisamehewa na serikali. Jirani bado anangoja neno.

Twaitaja mato oput kwa sababu inatupa kipimo cha kuusomea mchezo wetu. Maji ya Kinjeketile hunywewa kabla ya vita, nayo ni matamu: yanaahidi kwamba hakuna atakayeumia. Kinywaji cha mato oput hunywewa baadaye, nacho ni kichungu: kinakubali kwamba watu wameumia. Maji yanawaunganisha watu dhidi ya adui. Oput inawaunganisha na yule waliyekosana naye. Hussein alilionyesha la kwanza kwa ustadi ambao waandishi wetu wachache wameufikia. La pili bado linangoja mwandishi wake katika lugha yetu.

Isidhaniwe kwamba twawadai ukweli walioshindwa peke yao. Mshindi naye ana deni, tena kubwa zaidi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akakutana na wajukuu wa walionyongwa, na akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wazee wao. Ilikuwa imepita miaka 117 tangu Songea Mbano anyongwe, na ukoo wake ungali ukiulizia fuvu lake, linaloaminika kuwa lilipelekwa Ujerumani. Tendo lile lilikuwa la haki. Lakini yule msichana wa kaskazini angeuliza: kwa nini mama asubiri miaka 117?

Kazi yetu darasani

Ndugu walimu, mambo haya yanatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili chenyewe kina jeraha la vita katika baadhi ya nchi zetu. Nchini Uganda wazazi wengi walikisikia kwa mara ya kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa watu wenye bunduki, wakakiita lugha ya askari. Mwaka 2005 katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Hayo ni maagizo mema, lakini agizo haliondoi kumbukumbu. Kitakachoiondoa ni watoto kukisikia Kiswahili kikitumika kusema ukweli, kuomba radhi na kufikiri. Na fasihi ndiyo mahali pa kufanyia hivyo.

Ya pili ni kwamba wengi wetu twafundisha madarasa ambamo watoto wa pande zote mbili hukaa kwenye dawati moja. Mwalimu akimaliza Kinjeketile kwa kuwataka wanafunzi waorodheshe dhamira tano, atakuwa amewapa alama na kuwanyima chakula. Napendekeza jambo moja, ambalo nimelijaribu nami nikaliona lafaa. Baada ya onyesho la gerezani, waambiwe wanafunzi watunge onyesho lisilokuwamo. Vita vimekwisha. Bi Kitunda na Bi Bobali wako nyumbani, chungu ki kitupu, na mtu aliyeponea chupuchupu anabisha hodi kuleta habari. Aseme nini? Aanze na lipi, ushujaa wa waliokufa, au maji? Nao wanawake wajibu nini?

Katika darasa langu, yule msichana aliyeuliza swali aliandika kwamba Bi Kitunda hakujibu kitu mpaka yule mgeni amepewa maji ya kunywa. Kisha akamwambia aketi, aanze tangu mwanzo, asiruke mahali.

Sijapata kusoma katika kitabu chochote cha uhakiki maelezo ya amani yaliyo bora kuliko hayo. Hussein alitupa mchezo mkubwa juu ya neno linalozaliwa katika vita. Ni juu yetu sisi tunaofundisha, na wale tunaowafundisha, kulimalizia lile alilolianzisha jikoni kwa Bi Kitunda. Na tusingoje mshindi aje kuliuliza.